Mkoba wa vibati kutoka Gulu

Mama aliyekaa mbele yangu kanisani aliuweka mkoba wake juu ya benchi, nikashindwa kuuondolea macho. Ulimeta kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Nikadhani ni shanga. Misa ilipokwisha nikamwomba niushike.

Hazikuwa shanga. Vilikuwa vile vibati vya kufungulia makopo ya soda, tunavyovikunja na kuvitupa hata kabla ya funda la kwanza. Kila kibati kina matundu mawili, kubwa na dogo. Uzi mweusi ulipita tunduni, ukazunguka ukingo, ukanasa kibati cha pili, ukarudi. Safu ya juu imelalia ya chini mfano wa magamba, na upande wenye makali umefichwa ndani ya uzi, hata kidole kinapita bila kukwaruzwa. Nilijaribu kuvihesabu, nikavuka mia mbili, nikapotea, nikaanza upya. Kwenye kona moja fundi alikaza mno, uzi ukajikunja. Safu inayofuata, mkono umetulia. Niliikodolea macho ile kona kwa muda mrefu.

"Umefumwa Gulu," mama akaniambia. "Na mabinti wa Sista Rosemary."

Ni Sista Rosemary Nyirumbe, aliyezaliwa Paidha, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1956. Akiwa na miaka 15 alijiunga na Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, baadaye akasomea ukunga. Mwaka 2001 akapelekwa kusimamia shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monika mjini Gulu. Jina lenyewe lina uzito wake: Monika ni yule mama aliyemlilia mwanawe Augustino miaka na miaka.

Vita vya waasi wa Joseph Kony, walioteka watoto kaskazini mwa Uganda, vimeandikwa sana, sivirudii. Yaliyofuata ndiyo hayakuandikwa vya kutosha. Binti aliyetekwa akiwa mtoto anatoroka msituni akiwa mama, mwanawe mgongoni, na baba wa mtoto ni mwasi. Kijijini wanamwogopa. Shuleni umri umempita, na mtoto hana pa kukaa.

Sista husimulia kwamba alipofika alikuta majengo makubwa na wanafunzi wachache, baadhi yao wakishindwa kabisa kufuata masomo. Taratibu akaja kutambua kuwa walikuwa wametoka msituni. Akaacha kung'ang'ania nadharia, akawapeleka kwenye cherehani na jikoni, kwa imani kwamba anayeshona gauni leo na kuliona limevaliwa kesho ataanza kujiamini tena. Kisha akatangaza redioni: mabinti waliotekwa waje, wenye mimba waje, wenye watoto waje nao.

Waje nao. Neno hilo sijaacha kuliwaza. Tanzania iliwafungulia mabinti waliojifungua mlango wa kurudi shuleni Novemba 2021, na nilifurahi kwa dhati. Ila mwalimu wa hesabu akishaingia darasani, mtoto anabaki na nani? Kwetu jibu huwa ni bibi. Wengi wa Gulu hawakuwa na bibi wa kuwapokea, ndipo Sista akaweka malezi ya watoto ndani ya uzio ule ule wa shule. Mama aliye kwenye cherehani hana haja ya kumtafutia mwanawe mlezi wa mbali. Sidhani kama ningetarajia wazo hilo litoke kwa mwingine isipokuwa mkunga.

Kazi yake mwenyewe huiita utume wa kuwapo: kukaa na mabinti, kula nao, kucheza ngoma nao, kabla ya mahubiri yoyote. Na vile vibati, ambavyo marafiki wa shule huvikusanya Marekani na kuvituma, huvifananisha na mabinti hao. Vilitupwa, vikaokotwa, vikaunganishwa kimoja na kingine mpaka vikawa kitu cha kupendeza. Nikiukumbuka ule uzi mweusi, namwelewa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mkoba hauwezi kulibeba. Mei 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa Kony, kifungo cha miaka 25, na miongoni mwa makosa yake zilikuwamo ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa. Ongwen naye alitekwa akiwa mtoto. Wengi wa waliozaliwa kutokana na mimba kama hizo sasa ni watu wazima. Kwa Waacholi, watu wa Gulu, ardhi hupitia ukoo wa baba. Kijana ambaye baba yake hatajwi nyumbani atalima wapi? Cherehani imempa mama yake kipato. Shamba la ukoo halishonwi. Na akitaka kuoa, nani atasimama upande wake?

Kabla ya kumrudishia mama mkoba wake niliufungua kidogo. Ndani kuna bitana ya kitambaa, imeshonwa kwa cherehani, mshono umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Nikajiuliza kama fundi wake alikuwa na mwanawe karibu saa ile, na huyo mtoto leo anajiandikisha kwa jina la ukoo gani.