Gari Kuukuu la Kijerumani na Deni Lake

Mtu apitaye mjini Iringa hulikuta jengo la Boma, lililojengwa zama za utawala wa Wajerumani, nalo tangu mwaka 2016 ni nyumba ya makumbusho. Kuta zake zimesimama imara, na wazee walitazamapo husema kuwa kitu cha Mjerumani hakifi. Neno hili limetoka katika mawe likaingia katika magari. Leo katika Nyanda za Juu Kusini, kijana apatapo kazi ya mshahara Mbeya au Iringa, moja katika tamaa zake za mwanzo ni kununua BMW au Mercedes-Benz iliyotumika, aiendeshe kwenda kazini na kurudi. Basi yafaa tulipime neno hilo, kwa kuwa jiwe halinywi oili, wala ukuta hauna pampu ya maji.

Wala hatusemi kuwa tamaa hiyo ni upumbavu. BMW ilianza kuuza magari yake ya 3 Series mwaka 1975, na tangu hapo watu wengi wameyafanya kuwa kipimo cha magari ya milango minne yenye mwendo. Uzito wake umegawanywa karibu sawa baina ya mbele na nyuma, magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo katika mengi yao, na usukani humpa dereva khabari ya barabara kila inapopinda. Anayetoka Ipogolo bondeni kila asubuhi akapanda kona za kuingia Iringa mjini ataijua tofauti siku ya kwanza. Tena bei yake haitishi. Gari la namna hii la mwaka 2006 mara nyingi hupatikana kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida.

Hapo ndipo mwenye akili husimama akauliza: gari lililokuwa la wenye nacho, kwa nini leo liuzwe kwa bei ya gari la kila mtu?

Jawabu lake twaweza kulifahamu kwa mfano wa mirathi. Mtu akifa akaacha nyumba na shamba, warithi hawagawani kitu mpaka madeni ya marehemu yalipwe kwanza. Gari kuukuu nalo lina madeni. Wahandisi wa Kijerumani hawakulitengeneza gari lao lisahauliwe. Walilitengeneza likiwa na vipande ambavyo kila kimoja kina muda wake, na muda ukifika sharti kibadilishwe kabla hakijavunjika. Mwenyewe wa kwanza huyalipa hayo. Wa pili hulipa nusu. Wa tatu hupaka rangi, akasafisha viti, akaliuza. Basi bei rahisi si zawadi. Ni hesabu ya madeni ambayo mnunuzi hajaonyeshwa.

Nitasimulia lililomfika shemeji yangu, mwalimu akaaye Uyole na kufundisha mjini Mbeya. Alinunua BMW 320i ya mwaka 2006 kwa mtu mmoja, ikiwa nyeusi, yang'aa, na injini yake yanguruma kwa upole. Miezi miwili aliiendesha kwa furaha. Mwezi wa tatu tukatoka pamoja, yeye, mkewe, watoto wawili na mimi, kwenda arusini Iringa. Tulipita Chimala na Igawa salama. Tulipoanza kupanda kuelekea Makambako, taa ya manjano ikawaka mbele ya dereva. Yafaa ijulikane kuwa gari la toleo hili halina mshale wa kuonyesha joto la maji. Lina taa tu, ya manjano kisha nyekundu. Shemeji akasema, “Tufike Makambako kwanza.” Nyekundu ilipowaka, mvuke ulikuwa umekwisha toka chini ya boneti.

Tulivutwa na lori hadi Makambako. Fundi alifungua, akatuonyesha chupa ya maji ya rejeta, ambayo ni ya plastiki, imepasuka ubavuni. Juu ya ufa wa zamani palikuwa na gundi. Akasema, “Mzee, gari hili halikufa leo. Lilianza kufa kabla hujalinunua.” Chupa ile bei yake si kubwa. Lakini joto lilikuwa limekwisha kupinda silinda hedi, na kazi hiyo ilikula fedha za ada ya watoto, kisha ikala fedha ambazo mkewe alizikusanya kwa kushona nguo miaka mitatu. Mali ya mke ni yake, wala mume hana haki nayo. Basi shemeji alirudi nyumbani akiwa na deni kwa mkewe, na nyumba ambayo haikuwa na ugomvi ikawa kimya.

Khabari hii ina sababu yake, na watu wa milimani yawapasa kuifahamu kuliko watu wa pwani. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini Mbeya, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa taqriban mita 1,700, huchemka kwa nyuzi kama 94. Injini huendeshwa kwa joto linalokaribia au kupita hapo, na maji hayachemki kwa kuwa yamefungwa kwa mkazo ndani ya mabomba na kifuniko. Ufa ukitokea, mkazo huondoka, na maji huchemka mara moja, upesi zaidi kuliko yangalivyochemka bandarini. Kwa hiyo katika magari haya chupa ya maji, kifuniko chake, mabomba ya mpira na pampu ya maji si vitu vya kungojea vivunjike. Mnunuzi asiyeona risiti ya kubadilishwa kwake na ahesabu kuwa ni deni la kwanza. Wala asitie maji ya bomba matupu. Atie kulanti, ambayo huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

Madeni mengine ni haya. Injini ya 320i ya miaka ile, yenye silinda nne, hujulikana kwa kunywa oili mipira ya valvu inapokauka. Liache gari lingurume mahali pamoja dakika 10, kisha kanyaga mafuta. Ukiona moshi wa buluu nyuma, jua kuwa kazi kubwa yakungoja. Mercedes-Benz C-Class za wakati huo zenye injini ya Kompressor ya lita 1.8 huweza kulegea mnyororo wa ndani ya injini. Ukitaka kujua, nenda kwa muuzaji alfajiri, khasa mwezi wa Juni au Julai ambapo baridi ya Mbeya ni kali, uwashe gari kabla halijapashwa moto. Mlio wa kugongagonga katika sekunde za mwanzo ni ushahidi. Muuzaji akikupokea na gari ambalo limekwisha pata joto, muulize sababu.

Tena kuna tairi. BMW nyingi za aina hii zilitoka kiwandani na tairi ngumu ziwezazo kwenda kidogo baada ya kutoboka, na kwa ajili hiyo hazikupewa tairi la akiba. Baina ya Mbeya na Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ya malori yatokayo Tunduma, yenye vipande virefu visivyo na gereji. Mwenye gari hili na anunue tairi la akiba na jeki kabla ya safari ya kwanza. Na kwa kuwa gari limekaa chini, matuta ya vijijini hugonga tumbo lake na kula bushi za mbele.

Usidanganywe na herufi za namba ya gari. Watu husema “namba D” au “namba E” kana kwamba ni umri, lakini herufi hizo zaonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania tu. Gari la mwaka 2005 laweza kuingia nchini likiwa na miaka mingi na kupewa namba mpya. Umri wa kweli utazame katika kadi ya gari na namba ya chasisi. Na anayetaka kuliagiza mwenyewe kutoka Japani akumbuke kuwa gari la abiria lililofikia miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu.

Sasa tuhesabu kama watu wa nyumba moja. Kutoka Uyole hadi mjini Mbeya ni kilomita kama 10. Kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, ni kilomita 520 kwa mwezi. Mwendo huo si mwingi, ila ni wa kusimama na kwenda, na injini baridi huchakaza oili upesi. Yafaa oili ibadilishwe kila kilomita 7,000 hivi, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Vipuri vya Toyota utavipata Mwanjelwa ukiwa umevaa kandambili. Vya Mjerumani aghalabu huagizwa Dar es Salaam, vikapandishwa basi usiku, na siku mbili hizo mwenye gari hupanda daladala.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mume na mke wakae washauriane kabla ya fedha kutoka. Wakiwa na bei ya gari, na juu yake theluthi ya bei hiyo imewekwa kando kwa madeni yake ya mwaka wa kwanza, na fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya kompyuta amelipima, wanunue kwa raha. Ikiwa theluthi hiyo haipo, Toyota ya kawaida ndiyo gari lao. Wala asijazilize mtu upungufu huo kwa mkopo wa riba.

Na muuzaji naye ana wajibu. Sheria yetu yamlazimu ataje aibu ya bidhaa aijuayo, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kuirudisha. Aliyetia gundi katika chupa ile alijua.

Shemeji yangu alilitengeneza gari lake, akaliendesha mwaka mmoja, kisha akaamua kuliuza ili amlipe mkewe. Aliandika katika karatasi kila kilichobadilishwa na kila kilichobaki, hata silinda hedi iliyochongwa, akaitia ndani ya gari. Wawili waliisoma wakaenda zao. Wa tatu, mtu wa Iringa mwenye daftari la matengenezo la gari lake la zamani, aliisoma yote, akapunguza bei, akalipa. Fedha zilipungua kuliko alivyotarajia. Zilitosha deni la mkewe, na jioni ile, baada ya sala ya Magharibi, nilialikwa chakula nyumbani kwao, nikasikia watu wakicheka.