Istilahi za Maumivu na Utengamao kwa Walioumia Ugwe wa Mgongo

Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, kama ilivyo katika ukanda wa dhahabu hadi Geita, mchimbaji aliyeporomokewa na duara husemwa kwamba "amevunjika uti wa mgongo." Maneno hayo yatosha katika mazungumzo, lakini hayamtoshi mfasiri wa maandishi ya tiba. Uti ni mfupa, yaani safu ya pingili. Ndani ya mfereji wa pingili hizo hupita kamba laini ya neva inayopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha habari za mwili ubongoni. Kamba hiyo ndiyo ugwe wa mgongo. Mfupa waweza kuvunjika na ugwe ukabaki mzima. Kisha majeruhi akivutwa mikono na miguu ili atolewe shimoni, pingili zilizolegea zaweza kuuharibu ugwe uliokuwa umesalimika. Mikasa hii si nadra: Agosti 2025 watu 25 walifukiwa na kifusi katika mgodi wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Mwongozo wa huduma ya kwanza unaotumia neno moja kwa vitu viwili haumwonyi mwokoaji. Wako wanaosema "uboho wa mgongo", jina ambalo hatulipendekezi, maana uboho ni ule utengenezao damu ndani ya mifupa. Tena kwa watu wengi "uti wa mgongo" ni jina la homa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika maumivu yenyewe. Kiswahili husema "mguu unaniuma", na mguu ndio mtenda. Aliyeumia ugwe aghalabu hupoteza hisi ya miguu; hata hivyo wengi husikia miguu hiyo hiyo iliyokufa ganzi ikiwaka moto usiku kucha. Mguu hauna kosa. Neva zilizojeruhiwa ndizo zinazoupelekea ubongo habari zisizo na chanzo mguuni. Mhudumu asiyelijua jambo hili hudhani mgonjwa anadanganya, au ndugu hudhani ameanza kupona. Uainishaji wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2012 huyatenga maumivu haya ya kineva na yale ya misuli na mifupa, mathalani ya mabega ya mtu asukumaye kiti cha magurudumu, kwa kuwa tiba zake ni mbalimbali.

Utambuzi wake hutegemea sana maneno ya mgonjwa. Hojaji iitwayo DN4, iliyotungwa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2005, ina vipengele 10. Vinne vikikubaliwa, maumivu huhesabiwa kuwa ya kineva. Miongoni mwake mna kuungua, kupigwa shoti, kudungwadungwa na kuwashwa. Hapa kitenzi "kuchoma" ni mtego, maana moto huchoma na mwiba huchoma. Mgonjwa akijibu "inachoma", mwuguzi atie alama wapi, kwenye moto au kwenye sindano? "Kuwasha" nako ni vivyo hivyo: pilipili huwasha, upele huwasha. Twapendekeza "inaunguza kama moto", "inadunga kama sindano" na "inanifanya nijikune". Ni marefu, lakini kwa mgonjwa ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, urefu huo ni nafuu.

Mfasiri atenge pia hisi na hisia. Fasili ya maumivu iliyorekebishwa mwaka 2020 na chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu huyataja yote mawili, yaani lisikiwalo mwilini na liusumbualo moyo.

Limebaki neno la huduma. "Urekebishaji" lina harufu ya gereji. "Tiba ya viungo" ni sehemu tu, kwa kuwa kazi hii hujumuisha kibofu, choo, vidonda vya mgandamizo, na kurejea kazini au shuleni. "Utengamao", linalotumika sasa katika huduma za afya, latokana na kutengamaa, na mchimbaji asiyeweza kutembea tena aweza kutengamaa. "Kupona" lisiandikwe katika fomu za huduma hiyo, maana ndugu za mgonjwa hulisoma kama ahadi ya kutembea.