Wakili Anapoihama Posta na Kwenda Nyasho

Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kilianza na wanafunzi 14 tu, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kijana wa Mara aliyetaka kuwa mwanasheria alifunga safari kwenda huko, na wengi wakabaki hukohuko. Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, alihitimu mwaka 1966 na baadaye akawa Waziri Mkuu. Waliomfuata wakajaza ofisi za Posta na Kivukoni, kwenye kesi kubwa na fedha.

Leo wapo wanaotazama upya safari hiyo. Wakili kijana anayeishi Goba au Mbagala huondoka alfajiri kuikimbia foleni, hushinda mahakamani, na jioni ndipo anapoanza kuandika hoja za kesho. Akifika nyumbani watoto wamelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, ila katika ofisi nyingi za mawakili saa hizo huisha kabla ya Ijumaa. Hilo si suala la uchovu tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40.

Nyasho, kata ya Manispaa ya Musoma mkoani Mara, ina jibu la aina yake. Bodaboda humfikisha wakili mjini upesi, na siku isiyo na kesi anaweza kurudi nyumbani kula ugali na sato mchana.

Kufanya kazi ya uwakili Musoma hakukuwa rahisi zamani. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ilimlazimu mtu wa Musoma kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Sasa Mahakama Kuu ina kanda yake Musoma. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu nyaraka kusajiliwa kwa mtandao, na mashauri kadhaa husikilizwa kwa video. Mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mteja anaweza kufuata kesi yake mwenyewe.

Na kazi ipo. Ardhi ndiyo inayotawala: mipaka ya mashamba, mirathi, viwanja vilivyouzwa mara mbili. Mzee kutoka Majita huingia ofisini na mfuko wa plastiki. Ndani yake mna karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, alama za dole gumba na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji uliofifia. Wakili hukaa naye saa nzima akimuuliza nani alishuhudia, mti wa mpakani ulikuwa wapi, nani amefariki. Saa hiyo moja mara nyingi ndiyo inayoamua kesi.

Malipo ndiyo upande mgumu. Ada za mkoani ni ndogo kuliko za Dar es Salaam, na wateja wengi hulipa kidogokidogo. Baadhi yao ni wavuvi, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na mifuko hukauka. Wakili wa Musoma asiyejua hesabu hiyo atadhani mteja anamkwepa.

Tena, safari hazikwishi. Leo Bunda, kesho Tarime, keshokutwa Mugumu, na shauri likiahirishwa siku imekwenda. Mji mdogo nao una macho: Jumamosi sokoni, mkono ukiwa kwenye fungu la nyanya, mtu atauliza, “Wakili msomi, kesi yetu imefikia wapi?” Asiyejifunza kujibu kwa upole, “Mama, njoo Jumatatu ofisini,” atakuwa amehamisha shinikizo la Posta akalileta ziwani. Kuhama peke yake hakupunguzi saa za kazi; kinachozipunguza ni makubaliano ya ofisi na nidhamu ya wakili mwenyewe.

Kwa hiyo anayefikiria kuhama aulize mapema: mshahara ni wa kila mwezi au ni mgawo wa ada? Nani atasimama mahakamani nikiwa likizo? Nauli ya Tarime analipa nani? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Na asije kukagua ofisi Januari, kwani likizo ya Mahakama Kuu huwa kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31 na kila kitu huonekana kimetulia. Aje Mei, akae wiki nzima, aone taa za ofisi zinazimwa saa ngapi.