Pete ya ndoa ikilegea, panda mizani kabla ya kumwona sonara

PETE ya ndoa ikianza kuzunguka kidoleni, watu wengi hufanya mojawapo ya mambo matatu. Huizungushia uzi, huihamishia kidole cha kati, ama huivua na kuificha kabatini wakingoja pesa za kununua nyingine. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini kidole kimepungua.

Swali hilo ndilo la kwanza. Kidole hakina mafuta mengi kama tumbo au mapaja, lakini mwili unapokonda, mafuta na maji yaliyo chini ya ngozi ya vidole hupungua pia. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Buruburu, Umoja au Kayole asiye na mizani nyumbani anaweza kutambua kwamba amekonda kwa dalili mbili: mshipi unaofungwa tundu moja zaidi, na pete inayoteleza akiosha vyombo.

Umekonda kwa nini?

Iwapo umeacha soda na chipsi, umepunguza ugali wa usiku, na kila asubuhi unatembea kwa miguu kutoka Donholm hadi kazini Eneo la Viwandani, basi pete iliyolegea ni matunda ya jasho lako. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo unaofaa kwa watu wengi. Anayekonda kwa kasi kupita hapo, kwa kujinyima chakula au kwa vidonge na sindano asizoandikiwa na daktari, hupoteza misuli pamoja na mafuta na huweza kujidhuru.

Lakini iwapo hukukusudia kukonda, usifurahie haraka. Mtu anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake au zaidi katika muda wa miezi 6 hadi 12 bila sababu anayoijua anafaa kuchunguzwa. Kwa mama mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4 tu, na huenda majirani wasizione. Pete huziona.

Magonjwa yanayoweza kuleta hali hiyo ni mengi. Kisukari huandamana na kiu isiyokwisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa usiku. Kifua kikuu huleta kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, na jasho jingi usiku. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu ale sana na bado akonde, huku moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka. Chakula kikikwama kooni mara kwa mara, usikae nyumbani, kwani huenda ikawa ni saratani ya umio, na hii ni mojawapo ya saratani zinazowapata Wakenya wengi. Hali kadhalika, mawazo mazito ya kupoteza kazi au kufiwa huweza kumwondolea mtu hamu ya chakula kwa miezi.

Mitaani mwetu kuna kikwazo kingine. Mtu akikonda, majirani wa ploti humpa ugonjwa mmoja tu, Ukimwi, na aibu ya minong'ono hiyo humfanya avae sweta nzito na kukaa mbali na daktari. Hilo ni kosa linalogharimu maisha. Kifua kikuu hupona, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6 kwa dawa zinazotolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa zake kila siku hurudisha uzito na huishi miaka mingi. Kisukari nacho hudhibitiwa. Anayeumia zaidi ni yule aliyechelewa kupimwa.

Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, ama katika hospitali kubwa zaidi kama ile ya Mama Lucy Kibaki iliyo upande huo wa jiji. Mweleze daktari ni lini pete ilianza kulegea. Watu wengi hawakumbuki uzito wao wa mwaka uliopita, lakini wanakumbuka kwamba wakati wa Krismasi pete ilikuwa imebana, na kufikia Pasaka ikawa inaanguka. Habari hiyo humsaidia daktari kujua kasi ya kukonda.

Usikimbilie kukata pete

Ukishajua sababu, subiri. Pete iliyopunguzwa wakati mwili bado unakonda italegea tena, nawe utalipa mara mbili. Pete iliyopunguzwa wakati wa ugonjwa ina shida kubwa zaidi, kwa maana mgonjwa anapopona hunenepa, na pete ile ile humbana kidole. Afadhali ungoje hadi uzito ukae mahali pamoja kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Mama aliyejifungua naye asiharakishe. Wakati wa ujauzito mwili huhifadhi maji na vidole huvimba. Baada ya kujifungua maji hayo hutoka, na uzito huendelea kubadilika kwa miezi kadhaa.

Wakati unapongoja, unaweza kuivaa pete shingoni kwa mkufu, au kumwomba sonara aweke vitone viwili vidogo vya dhahabu upande wa ndani ili isizunguke. Uzi unaozungushwa kwenye pete hufaa kwa siku chache tu. Uzi huo hunywa maji na sabuni, na ngozi iliyo chini yake huanza kuwasha na kuchubuka. Kwa mwenye kisukari, mchubuko mdogo kama huo huweza kuwa kidonda kinachokataa kupona.

Ivue pete iliyolegea kabla ya kukanda unga wa chapati au kufua nguo kwenye karai. Pete ndogo ikianguka sakafuni, mtoto anayetambaa huiona kabla yako na kuitia mdomoni.

Jinsi ya kupima kidole

Kidole hakina ukubwa mmoja siku nzima. Baridi ya Julai hukifanya kiwe chembamba, na jua la mchana au chakula chenye chumvi nyingi hukivimbisha. Pima mara tatu katika siku tofauti, ikiwezekana jioni, ukiwa umetulia na mwili haujapata joto la kutembea.

Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kidoleni, tia alama pale unapokutana, kisha upime kwa rula. Ukipata milimita 55, gawanya kwa 3.14 nawe utaona kwamba pete inafaa kuwa na upana wa ndani wa milimita 17.5. Kipimo hiki ni cha kukuongoza tu. Sonara ana pete za kupimia, na hizo ndizo za kuaminiwa.

Pete iliyokaa vizuri hupita kwenye fundo la kidole kwa kusukumwa kidogo, kisha hutulia bila kuzunguka na bila kuacha alama nyekundu. Watu wenye mafundo makubwa, hasa wazee wenye baridi yabisi, wapime fundo kwanza.

Kupunguza ama kununua nyingine?

Pete ya dhahabu au fedha isiyo na mapambo mengi hupunguzwa kwa urahisi. Sonara hukata kipande kidogo upande wa nyuma, huunganisha ncha mbili kwa kulehemu, kisha huisugua hadi ing'ae. Wengi hukubali kupunguza vipimo viwili hivi. Kupita hapo, pete huanza kupoteza umbo lake la duara. Pete iliyozungushiwa vito pande zote ni ngumu kupunguza, na ile iliyopakwa dhahabu juu tu huharibika rangi ikipashwa moto.

Kabla ya kumwachia fundi pete yako, ipimwe uzito mbele yako na kiasi hicho kiandikwe kwenye risiti. Ipimwe tena unapoichukua. Kipande kilichokatwa ni mali yako.

Iwapo unanunua nyingine, soma nambari iliyogongwa ndani. Dhahabu ya karati 9 huwa na alama 375, maana yake ni sehemu 375 za dhahabu halisi katika kila 1000. Ya karati 18 huwa na 750, na ya karati 22 ni 916. Ya karati 22 ni laini na hukwaruzika upesi, kwa hiyo kwa mtu anayefanya kazi ya mikono ile ya karati 9 hudumu zaidi na bei yake ni nafuu. Wanaume Waislamu wengi huchagua fedha, kwani dini inawakataza dhahabu.

Pete za bei ya chini zenye shaba huacha rangi ya kijani kidoleni. Haidhuru, huoshwa ikatoka. Zenye nikeli ndizo huwaletea baadhi ya watu upele na mwasho. Chuma cha pua na titaniamu havisumbui ngozi za watu wengi, lakini ni vigumu kupunguza baadaye. Tungsteni haipunguzwi kabisa. Mtu ambaye uzito wake bado unapanda na kushuka asichague pete ya aina hiyo.

Fundi wa jua kali wa Kamukunji, anayechomelea vyuma, na makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu wanafaa kuvua pete kazini, iwe imebana au imelegea. Pete ikinaswa kwenye mashine au mlango huweza kung'oa ngozi ya kidole, na hata kidole chenyewe.

Wapo wanaoogopa kwamba kukata pete iliyobarikiwa kanisani au kuivua kwa miezi kadhaa kutaitia ndoa dosari. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa huthibitishwa kwa cheti na sajili, wala si kwa pete. Anayetaka ile mpya iombewe anaweza kumwona padri au mchungaji wake. La muhimu ni kumweleza mwenzako mapema kwa nini kidole kiko wazi, na iwapo hamjui ni kwa nini umekonda, mwende hospitali pamoja.