Kipima Unyevu na Mahindi ya Babati

Msafiri atokaye Arusha kwa barabara kuu iendayo Singida na Dodoma, akiingia Babati baada ya mavuno, hukuta mahindi yametandazwa juani juu ya maturubai, na wenyewe wakiyapindua kwa reki na kwa nyayo, hata ifikapo alasiri mmoja wao huchota konzi, akatia punje menoni, akasikiliza inavyovunjika. Wako na watiao mahindi ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi, wakaitikisa. Chumvi ikigandama kandoni mwa chupa, hujulikana kuwa mahindi yangali na maji. Maarifa haya si ya kudharauliwa. Lakini tajiri anunuaye hatosheki kuambiwa kwamba mahindi ni makavu, bali ataka kujua ukavu wake ni wa kadiri gani, maadamu kanuni ya Afrika Mashariki imeamuru unyevu usipite asilimia 13.5.

Kadiri hiyo hutolewa na kipima unyevu, chombo cha kushika mkononi ambacho ndani yake mna kihisi, yaani kiungo kinachopokea athari ya kitu cha nje na kuigeuza kuwa umeme. Aghalabu kikombe chake huwa na bati mbili zisizogusana, na nafaka humiminwa baina yake. Kiasi cha umeme ambacho bati hizo zaweza kukihifadhi hutegemea kilichomo kati: maji huuzidisha uwezo huo takriban mara 80 kupita hewa tupu, ilhali nafaka kavu huuzidisha mara chache tu, kwa hiyo maji machache yaliyojificha moyoni mwa punje hudhihirika mara moja. Wala chombo hakijui mahindi wala maji. Kijuacho ni umeme tu, na namba isomwayo kiooni hutoka katika jedwali lililowekwa na waliokiunda, baada ya kupima sampuli za nafaka, kuzikausha jokoni, na kuzipima tena ili wajue ni maji kiasi gani yaliyotoka. Ndiyo sababu mtu akibonyeza kitufe cha ngano, naye ametia mbaazi, ambazo Babati ni mashuhuri kwazo, hupewa namba safi isiyo na ukweli ndani yake.

Asili hii ndiyo ya vihisi vyote, vingi kama vilivyo. Mnamo 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyeshughulika na nyaya za simu za chini ya bahari, alitangaza kwamba seleni hupitisha umeme kwa wepesi zaidi ikimulikwa; na kwa tabia kama hiyo ya kuitikia mwanga, taa za barabarani huwaka zenyewe magharibi ikiingia. Mizani ya kidijitali nayo ina chuma kinachopinda kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho, na juu yake umegandishwa uzi mwembamba wa madini ambao, ukivutwa, huzidi urefu na kupungua unene, umeme ukapita kwa taabu. Wamarekani Edward Simmons na Arthur Ruge waliubuni mwaka 1938, kila mmoja kwa njia yake. Wapo wanaotumaini kwamba mizani hiyo itaikomesha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Mimi sina tumaini hilo, kwani lumbesa haidumu kwa uchache wa mizani, hudumu kwa kuwa mkulima mwenye dhiki hana nafasi ya kukataa.

Lakini kuna jambo ambalo kipima unyevu hakiwezi kulihisi kabisa, nalo ni sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu waotao katika nafaka. Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa ugonjwa uliohusishwa na sumu hiyo, na 20 miongoni mwao wakafariki. Mahindi yaliyonyeshewa, yakaota kuvu, kisha yakaanikwa upya, yaweza kusoma asilimia 12 huku yakiwa na sumu tele, kwa kuwa jua huondoa maji wala haliondoi sumu. Kuijua hiyo kwahitaji kipimo kingine cha maabara.

Kwa hiyo mwenye hadhari hapimi konzi ya juu ya gunia peke yake. Huingiza bambo ubavuni na chini, katika magunia kadhaa, akazichanganya punje, akaziacha zipoe kama zimetoka juani, akaondoa zilizooza na kubadilika rangi, ndipo akapima zaidi ya mara moja. Na kwa kuwa chombo mara nyingi ni cha mnunuzi, mwenye mahindi husimama upande ule ule ili aisome namba mwenyewe kabla bei haijatajwa.