Gredi ya 10: Chagua Masomo Ukiangalia Kazi, Si Jina la Shule

Mzazi mwenye mtoto Gredi ya 9, kuna uamuzi mmoja mwaka huu ambao mtatembea nao kwa miaka mingi: masomo ambayo mtoto atafanya akiingia sekondari pevu. Kundi la kwanza la CBE liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na litamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Hao walikuwa wa kufungua njia. Nyinyi mnaofuata mna nafasi ya kujipanga mapema.

Wengi wetu tumezoea kuuliza, "Ameitwa shule gani?" Siku hizi swali la kwanza ni lingine: "Anataka kufanya nini, na masomo gani yatamfikisha huko?"

Mikondo ni mitatu

STEM ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Hapa kuna Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini pia Kilimo, Kompyuta, Sayansi ya Nyumbani, na masomo ya ufundi kama umeme, ujenzi, useremala na ufundi wa magari. Kwa hivyo usidhani STEM ni ya madaktari peke yao.

Sayansi za Jamii ina lugha na fasihi, Historia, Jiografia, masomo ya dini na Biashara. Wanasheria, walimu, wanahabari, wahasibu na watu wa mauzo wengi hutokea upande huu.

Sanaa na Michezo ina muziki na densi, sinema na maigizo, sanaa ya kuchora na kuchonga, na sayansi ya michezo.

Kila mwanafunzi, mkondo wowote, hufanya Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Juu ya hayo anachagua masomo matatu. Hayo matatu ndiyo yana kazi.

Anza mwisho, rudi nyuma

Njia rahisi ya kuchagua ni kuanza na kazi, kisha kozi, kisha somo. Kaa na mtoto, ataje kazi mbili au tatu anazozipenda kweli. Kwa kila moja, ulizeni: chuo kikuu au chuo cha kiufundi kinadai masomo gani?

Anayetaka uhandisi hawezi kukwepa Fizikia. Anayetaka uuguzi au udaktari anahitaji Biolojia na Kemia. Akiacha Kemia Gredi ya 10 kwa sababu mwalimu wa junia alikuwa mkali, mlango wa udaktari unafungwa akiwa na miaka 15, na hakuna mtu atamwambia siku hiyo. Atajua miaka mitatu baadaye akituma maombi ya chuo.

Angalieni Hisabati pia. Ni lazima kwa wote, ila kuna aina mbili. Walio STEM hufanya Core Mathematics. Mikondo mingine hufanya Essential Mathematics, ambayo ni nyepesi. Mtoto akikimbilia mkondo mwingine ili tu aepuke hesabu ngumu, mjue kuna kozi anaziacha nyuma.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kuna wazazi wanamsukuma mtoto STEM kwa sababu jina linasikika vizuri. Kama kwa miaka mitatu amekuwa akifanya vizuri kwa lugha, na Sayansi inamtoa jasho, STEM haitamgeuza kuwa injinia. Itampa alama za chini kwenye kila somo. Wizara ililenga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, lakini hiyo ni hesabu ya nchi nzima. Wewe una mtoto mmoja mbele yako.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kujaza

1. Alama zake za nyuma. Matokeo ya mwisho hayatoki kwa mtihani mmoja. KJSEA inabeba asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Toa ripoti zote, uone somo gani linapanda na lipi linashuka.

2. Shule inafundisha nini. Si kila shule ina mikondo yote mitatu, na hata yenye STEM si lazima iwe na somo la umeme au la kompyuta. Uliza kama kuna mwalimu na maabara, usiangalie tu geti na basi la shule.

3. Nafasi 12. Uteuzi wa 2025 ulifanywa mwezi wa 6, kabla ya mtihani. Kila mwanafunzi alichagua shule 12: nne kwa kila mchanganyiko wa masomo, michanganyiko mitatu. Tisa zilikuwa za bweni na tatu za kutwa karibu na nyumbani. Usijaze hizo za kutwa kwa haraka. Mtoto anaweza kupelekwa huko, kwa hivyo hakikisha masomo anayotaka yapo.

4. Mfuko wako. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika.

Hesabu ya karo, mapema

Kiwango cha juu ambacho serikali imeweka kwa bweni katika shule za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka. Kawaida karo hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Yaani Januari peke yake unahitaji Sh26,777, kabla ya sare, godoro, sanduku na nauli.

Ukianza kuweka akiba mwezi wa 3, una miezi kumi. Hiyo ni kama Sh2,680 kwa mwezi, au Sh90 kwa siku. Kwa mama mboga au mtu wa boda, Sh90 kila jioni ni rahisi kuliko Sh26,777 asubuhi moja. Fungua akiba ya lengo kwenye simu, uipe jina la mtoto, na uitenge na pesa za matumizi ili isiishie kwa unga na tokeni za stima.

Kama hesabu inakataa, shule ya kutwa yenye masomo sahihi ni bora kuliko bweni la jina kubwa ambalo mtoto atarudishwa nyumbani kila wiki ya tatu.

Chunga wanaouza nafasi

Msimu wa matokeo, matapeli nao hufungua kazi. Utapigiwa simu: "Naweza kumbadilishia shule, tuma elfu tano sasa hivi." Usitume. Maombi ya kubadilisha shule hupitia shuleni na kwenye mfumo wa wizara, si kwa namba ya mtu binafsi.

Karo ilipwe kupitia njia iliyoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si la shule, simama. Ukishalipa, hifadhi ile SMS. Na sisi hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN yako.

Wiki hii fanya hivi

Keti na mtoto jioni moja, simu zikiwa chini. Andikeni kazi tatu, masomo ya kila moja, na shule zilizo na masomo hayo. Mpelekee mwalimu wake wa darasa aipitie. Halafu usiku huohuo weka Sh90 ya kwanza.