Mawingu Yasiyoleta Mvua

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa Uvira huingia ziwani na taa zao. Ndagala huvutwa na mwanga, nao hunaswa wavuni. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea majini pote. Samaki hawafuati taa tena, basi wavuvi hupumzika. Giza lile lile linalomfaa mvuvi humfaa pia mtu anayetafuta vitu hafifu vya angani, yaani galaksi.

Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu. Ule mkanda mweupe upitao angani usiku ndio galaksi yetu, tukiitazama kutoka ndani. Galaksi nyingine ziko mbali sana, hata huonekana kama vijiwingu vyeupe. Wingu la mvua husukumwa na upepo likapita. Galaksi haiachani kamwe na nyota zilizo jirani nayo.

Uvira ni karibu na ikweta, kwa hiyo watu wake huona anga la kaskazini na la kusini pia. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, mvua ikikatika, hewa huwa imeoshwa vumbi na moshi. Hapo mtazamaji huelekea kaskazini na kutafuta nyota nne zinazofanya mraba mkubwa. Huanza kwenye pembe ya chini, mkono wa kuume. Kutoka hapo huendelea kuumeni akishuka, hupita nyota moja hafifu, hufika kwenye nyota yenye kung'aa. Kisha hugeuka kushoto akishuka, hupita nyota mbili ndogo. Kando ya ile ya pili pana kijiwingu kirefu: ni galaksi ya Andromeda. Al-Sufi, mtaalamu wa Uajemi, aliandika habari zake mwaka 964 hivi.

Upande wa kusini, juu ya maji ya ziwa, yako Mawingu mawili ya Magellan. Nayo ni galaksi. Lile Dogo huonekana vema mwezi huo huo. Lile Kubwa hupanda zaidi mwezi wa Januari. Mwaka 1987 nyota moja ya Wingu Kubwa ilipasuka, nayo ikaonekana kwa macho matupu.

Mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka juani hutufikia kwa dakika 8 hivi. Kutoka Wingu Kubwa huchukua miaka 160,000 hivi, na kutoka Andromeda miaka 2,500,000 hivi. Mwanga uliosafiri muda huo wote hupotea machoni kwa sababu ya taa moja tu ya karibu!

Kwa hiyo mtazamaji hushika mambo matatu. Kwanza, hukaa gizani nusu saa bila kutazama taa. Akiwasha simu mara moja, macho yake huanza kazi upya. Pili, hakazii macho kijiwingu chenyewe, bali hutazama pembeni kidogo. Katikati ya jicho hufaa kwa mwanga mwingi. Pembeni mwake hutambua mwanga hafifu. Tatu, huzipa mgongo taa za mji, na huzikinga kwa mkono taa za wavuvi.

Tena mtoto mwenye akili hasimami ukingoni mwa maji usiku. Kiboko hutoka ziwani kula majani, na mamba hana hodi. Uani kwa nyumba, pamoja na baba au kaka mkubwa, panatosha.

Asiyeona kitu usiku wa kwanza asikate tamaa. Jicho hujifunza kama mkono ujifunzavyo kusuka wavu.

Maswali
1. Kwa nini wavuvi hupumzika mwezi ukiwa mpevu?
2. Galaksi na wingu la mvua hutofautianaje?
3. Kwa nini mtazamaji hutazama pembeni?